Je, Wajua? Tezi, Omo na Kitanda Chako Baharini

Je, wajua kwamba meli ya kitalii Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami Januari 2024, ina kabini 2,805? Urefu wake ni mita 365, sitaha zake ni 20, na ikijaa hubeba abiria 7,600, mbali na mabaharia na wahudumu 2,350. Huo ni mji unaoelea, na kila mji una mitaa ya kelele na mitaa ya utulivu. Mkata tiketi huulizwa anataka kabini ya aina gani: ya ndani isiyo na dirisha, ya dirisha, ya roshani, au ya kifahari. Mimi ningependa msomaji atangulize swali jingine: hiyo kabini iko wapi?

Je, wajua kwamba wahenga wa pwani walishalijibu swali hilo zamani? Tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini tumboni ambako maji hukusanyika. Methali hiyo tunaitumia kwa mambo mengine ya maisha, lakini kwa mwenye kutafuta usingizi baharini ichukue kama ilivyo. Meli ikikabili mawimbi hupanda na kushuka kama pembea: ncha ndizo zinazorushwa, katikati husogea kidogo tu. Kuyumba kwa ubavuni nako ni kama mnazi kwenye upepo, makuti yanapepea huku shina limetulia. Kwa hiyo kabini tulivu kuliko zote ni ya katikati ya meli, sitaha za chini. Jambo la kufurahisha ni kwamba mara nyingi kabini hizo ni za bei nafuu, na za bei kali ziko juu kabisa, zinakoyumba zaidi. Aliyevuka kutoka Dar kwenda Unguja wakati wa kusi hahitaji kuelezwa. Hujawahi kuwaona wazoefu wakikimbilia kukaa omo.

Je, wajua kwamba meli hizi zina mapezi? Chini ya maji, ubavu huu na ule, hutolewa mabawa ya chuma yanayopinga myumbo wa kulia na kushoto, na kazi hiyo huifanya vizuri sana. Lakini omo ikipanda na tezi ikashuka, mapezi hayana msaada mkubwa. Hapo ndipo aliyechagua kabini ya katikati anapolala na wa mbele anapokesha.

Je, wajua kwamba dawa za kuzuia kichefuchefu cha bahari humezwa kabla bahari haijachafuka? Ukishaanza kutapika umechelewa. Tangawizi, ile ile ya kwenye chai, nayo huwasaidia wengi.

Je, wajua kwamba kila kampuni huchapisha ramani ya sitaha zote, na kwamba dakika kumi za kuisoma zinaweza kukupa usingizi wa wiki nzima? Tafuta namba ya kabini yako, kisha tazama kilicho juu yake na kilicho chini yake. Juu kukiwa na bwawa la kuogelea, alfajiri utasikia viti vikiburutwa. Chini kukiwa na ukumbi wa muziki, ngoma itakufikia kitandani hadi saa nane za usiku. Mlango wa ndani unaounganisha kabini mbili ni mzuri kwa familia, ila kwa wasiojuana hupitisha kila neno la jirani. Kabini za chini kule mbele ziko karibu na mnyororo wa nanga na mapangaboi ya kusukuma omo pembeni. Meli inapoingia bandarini asubuhi, kitanda hutetemeka. Jihadhari zaidi na sehemu nyeupe zisizoandikwa kitu kwenye ramani. Mara nyingi hapo pana jiko au stoo, na mikokoteni ya vyombo huanza kupita kabla jua halijatoka. Kanuni ya wazoefu ni fupi: kabini juu, kabini chini, kabini kulia, kabini kushoto.

Je, wajua kwamba unaweza kulipia dirisha ukapata mashua? Boti za kuokolea maisha huning'inizwa ubavuni mwa meli, na kabini zilizo nyuma yake hutazama ubavu wa boti ya rangi ya chungwa badala ya bahari. Kampuni huziandika kuwa mandhari yake yamezibwa na bei hupunguzwa. Anayetaka mwanga wa jua tu, asijali kuona upeo wa bahari, hapo atapata nafuu ya kweli. Anayetaka kuona visiwa vikipita atajuta safari nzima.

Je, wajua kwamba roshani melini ni jambo la juzi tu? Royal Princess, iliyobatizwa na Diana, Binti Mfalme wa Wales, mwaka 1984, ilishangaza watu kwa sababu kabini zake zote za abiria zilitazama nje, na baadhi yake zilikuwa na roshani.

Na je, wajua kwamba kuna madirisha yanayotazama ndani ya meli? Voyager of the Seas ilikuja mwaka 1999 ikiwa na barabara ya maduka katikati yake, na kabini ambazo madirisha yake yanatazama barabara hiyo. Oasis of the Seas ikafuata mwaka 2009 na bustani ya mimea hai katikati ya meli, roshani zikiizunguka kama nyumba za ghorofa zinavyozunguka ua. Ni pazuri kukaa jioni. Kumbuka tu kufunga pazia unapobadili nguo, maana jirani wa ng'ambo anakuona waziwazi.

Disney Dream ilipoanza safari mwaka 2011 iliweka kwenye kabini za ndani dirisha la duara ambalo ni skrini ya kamera iliyofungwa nje ya meli. Mwaka 2014 Navigator of the Seas ikaweka skrini kubwa, ya kutoka sakafuni hadi darini. Ukiizima, giza linarudi. Na giza la kabini ya ndani ni giza hasa. Hakuna ufa wa mlango wala mwanga wa alfajiri. Wapo wanaolipenda kwa usingizi wake, na wapo wanaoamka saa nne za asubuhi wakidhani bado ni usiku. Washa saa yenye mwanga, au iache televisheni kwenye picha ya kamera ya mbele, bila sauti.

Je, wajua kwamba abiria wa kabini za mbele kabisa, zile zinazotazama kule meli inakoelekea, huombwa wafunge mapazia usiku? Mwanga wao huwasumbua walio usukani, ambao wanahitaji giza ili waone vyombo vingine baharini.

Je, wajua kwamba Waingereza wana hadithi kuhusu neno lao posh, wanalolitumia kwa mtu au kitu cha kitajiri? Husemwa kwamba ni herufi za mwanzo za maneno manne yaliyopigwa muhuri kwenye tiketi za matajiri: ubavu wa kushoto wakati wa kwenda India, ubavu wa kulia wakati wa kurudi, ili wakwepe jua. Hakuna tiketi ya namna hiyo iliyowahi kuonekana, na wachunguzi wa maneno hawaikubali asili hiyo. Lakini mantiki ya jua ni ya kweli. Fikiria meli ya zamani isiyo na kiyoyozi, ikishuka Bahari ya Shamu kuja Mombasa. Ubavu wa kushoto hutazama mashariki na hupata jua changa la asubuhi. Wa kulia hutazama magharibi, ukapigwa na jua la alasiri mpaka chuma kinapata moto, na joto hilo ndilo abiria alilolala nalo.

Kuchagua ubavu kunafaa hata leo, kama safari ni ya kwenda tu bila kurudi. Anayepanda kaskazini kutoka Vancouver kuelekea Alaska nchi kavu iko kuliani. Anayepanda kutoka Durban kuja Mombasa, Afrika yote iko kushotoni. Safari ikiwa ya mzunguko, usipoteze muda kwa hilo.

Je, wajua kwamba meli iliyoitwa Uganda iligeuzwa bweni? SS Uganda iliingia majini mwaka 1952 huko Glasgow, mali ya kampuni ya British India, ikawa ikitoka London kupitia Suez hadi Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na bandari za kusini. Kabini zilikuwa za madaraja mawili. Ndege zilipowachukua abiria, meli ilipelekwa Hamburg ikabadilishwa, na kuanzia mwaka 1968 ikawa shule ya baharini: mamia ya wanafunzi wa Uingereza wakilala kwenye mabweni ya vitanda vya kupandana, huku watu wazima wachache wakiwa kwenye kabini zao upande mwingine. Mwaka 1982, katika vita vya Falklands, ikawa meli ya hospitali. Chombo kimoja kilifanya kazi tatu, na kila kazi ilihitaji vitanda vipangwe upya.

Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na Karanja na Kampala, zilizounganisha Bombay na pwani yetu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi miaka ya 1970. Familia nyingi za Mombasa, Zanzibar na Dar zina bibi au babu aliyekuja kwazo. Wengi wao kabini waliiona kwa mbali tu. Walilala chini, kwenye vyumba vya pamoja, na mizigo yao pembeni.

Je, wajua kwamba kwenye Titanic, mwaka 1912, abiria zaidi ya 700 wa daraja la tatu walikuwa na mabafu mawili tu, moja la wanaume na moja la wanawake? Hata wengi wa daraja la kwanza waliogea mabafu ya korido. Leo kabini ya bei ya chini kabisa ina choo na bafu lake. Bafu ni dogo, na pazia lake huelekea kukung'ang'ania mwilini. Lakini ni lako peke yako.

Je, wajua kwamba kabini nyingi hazijengwi ndani ya meli? Huundwa kiwandani zikiwa kamili, na bafu, taa na makabati, kisha husukumwa ndani ya meli kama droo ya kabati. Kiwanda kimoja kinachojulikana kwa kazi hiyo kiko Piikkiö, Finland. Kuta za kabini hizo ni za chuma, na hiyo ni habari njema kwako: beba ndoano za sumaku. Kofia, mikoba, nguo mbichi za kuogelea, vyote vitapata mahali pa kutundikwa. Kabini ya kawaida ina mita za mraba kama 14 hadi 17, na kitu kidogo kama ndoano huongeza nafasi.

Je, wajua kwamba jina la karakana iliyoijenga Icon of the Seas linajulikana Kigoma? Ilijengwa Turku, Finland, na kampuni ya familia ya Meyer. Karakana mama ya familia hiyo, iliyoko Papenburg, Ujerumani, ndiyo iliyojenga mwaka 1913 meli ya Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli, ikaungwa tena na kuingizwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka uliofuata. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua: Liemba. Kwa miongo mingi watu wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu walilala kwenye kabini zake, au juu ya magunia ya dagaa. Kila ninaposoma sifa za meli mpya ya karakana hiyo, huikumbuka Liemba kwa heshima.

Je, wajua kwamba plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa haingii kwenye soketi za meli nyingi? Kabini huwa na soketi za Kimarekani na za Ulaya, hivyo beba adapta. Usibebe pasi wala birika la umeme, vitachukuliwa mlangoni. Pia vitachukuliwa vile vipanuzi vya soketi vyenye kinga ya umeme kupita kiasi. Nyumbani vinakulinda, lakini umeme wa meli umetandazwa kwa namna nyingine, na vifaa hivyo vimewahi kuwaka moto.

Je, wajua kwamba bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala pamoja? Anayesafiri peke yake huweza kutozwa hadi mara mbili, kana kwamba kitanda cha pili kina mtu. Norwegian Epic iliweka mwaka 2010 kabini 128 za mtu mmoja, ndogo za mita za mraba kama 9 na zisizo na dirisha la nje, na meli nyingine zikafuata. Kama unasafiri peke yako, tafuta hizo mapema, maana huisha haraka.

Ipo pia bei ya chini kwa anayekubali kupangiwa: unalipia aina ya kabini, namba unaijua siku za mwisho. Kwa kijana mwenye usingizi mzito, ichukue. Kwa mzee wa magoti mabovu, au mwenye kuumwa na bahari, siipendekezi hata kidogo. Lipa tofauti, chagua namba.

Je, wajua kwamba bakshishi za wahudumu mara nyingi hazimo kwenye nauli? Kampuni zinazolenga Wamarekani hutoza kila kichwa, kila siku, na mtoto naye huhesabiwa. Kwa dola 16, familia ya watu 4 kwa siku 7 italipa dola 448 zaidi. Iweke kwenye bajeti tangu nyumbani.

Na wajua wanaozipokea wanalala wapi? Mara nyingi chini ya usawa wa maji, wawili wawili, kwenye kabini zisizo na dirisha, kwa mikataba ya miezi 6 hadi 9. Korido yao kuu, inayopita meli nzima toka omo hadi tezi, kwenye meli za soko la Marekani huitwa I-95, jina la barabara kuu ya pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Kuna vijana wa Kikenya na wa Kitanzania kwenye korido hizo. Ukisikia lafudhi ya nyumbani mezani, msalimie kwa Kiswahili. Salamu hiyo ina uzito kwa mtu aliyemaliza miezi mitano bila kumwona mama yake.

Je, wajua kwamba meli nyingi hazina sitaha ya 13? Ngazi hutoka 12 kwenda 14. Kwa Waitaliano namba ya nuksi ni 17, na zipo meli za kampuni zao zinazoiruka hiyo.

Je, wajua kwamba kengele ya hatari ni milio 7 mifupi na mmoja mrefu? Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Walikufa 32. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda jioni ile ile na hawajafanya zoezi la kujiokoa, kwa sababu sheria iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu tarehe 1 Januari 2015 sheria ya kimataifa inataka abiria wapya wapate zoezi kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Nawasihi wasomaji, msilikwepe. Ukifika kabini, kabla ya kufungua sanduku, soma karatasi iliyo nyuma ya mlango: kituo chako cha kukusanyikia ni kipi. Uliza jaketi la kujiokolea liko kabatini au kituoni. Kisha tembea kwa miguu hadi kituoni, ukihesabu milango. Moshi ukijaa korido, vidole vyako ndivyo vitakavyokumbuka hesabu hiyo.

Je, wajua kwamba kuna nyakati roshani hufungwa kwa ajili ya usalama? Novemba 2005 maharamia waliishambulia Seabourn Spirit kwenye maji ya Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa. Abiria walikusanywa ndani, mbali na madirisha, na meli ikaponyoka. Aprili 2009 ikawa zamu ya MSC Melody karibu na Shelisheli, ambako abiria waliwatupia maharamia viti vya sitahani. Meli za watalii zikaadimika bandari zetu kwa miaka. Zinazopita Ghuba ya Aden zimewahi kuzima taa za nje na kuomba kila kabini ifunge pazia.

Je, wajua kwamba safari moja ya Mediterania yaweza kudai viza ya kuingia mara nyingi? Ukianzia Barcelona, ukapita Marseille na Genoa, uko ndani ya eneo moja la Schengen. Meli ikigusa Tunis umetoka, na kurudi kwako kunahesabiwa kuingia upya. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania na viza ya kuingia mara moja atazuiwa kupanda tangu siku ya kwanza. Safari ya kutoka Miami nayo inahitaji viza ya Marekani, hata kama nchi kavu utalala usiku mmoja tu.

Je, wajua kwamba meli haikungoji? Machi 2024 abiria 8 walichelewa kurudi kutoka matembezi ya kujipangia huko São Tomé. Meli ikang'oa nanga, na baadhi ya dawa zao zikabaki kabini. Waliikimbiza hadi Gambia, ikashindwa kutia nanga huko kwa sababu ya maji kupwa, wakaipata Dakar, Senegal. Kila unaposhuka, beba dawa za siku mbili, kadi ya benki na nakala ya pasipoti. Saa yako ifuate saa ya meli, na simu iweke kwenye hali ya ndegeni, kwani ikishika mtandao wa setilaiti wa meli, bili yake ni kubwa.

Je, wajua kwamba kirusi cha kuhara kinachosambaa melini, norovirusi, hakiuawi vizuri na jeli ya mikono? Sabuni na maji. Zahanati ipo, ila hulipiwa, na bei zake ni za hospitali binafsi za nje, kata bima.

Je, wajua kwamba usiku wa mwisho mizigo hutangulia kabla yako? Masanduku hufungwa lebo na kuwekwa koridoni kabla ya usiku wa manane, na wahudumu huyashusha wakati umelala. Utayakuta bandarini asubuhi. Kwa hiyo, kabla ya kulisukuma sanduku nje ya mlango, toa kwanza nguo za kesho, viatu, mswaki, dawa na pasipoti, uviweke juu ya kiti ambacho utakiona ukiamka.